Taa Niliyoizima kwa Wivu

Siku moja naikumbuka kuliko nyingi nilizoishi, mwanangu, nayo ni siku niliyopigiwa makofi hapa Nachingwea kwa kazi ambayo ingeweza kumuua mtu. Kaa nikusimulie. Nimesikia umenuna tangu mwenzako wa gereji apelekwe kozi ya magari mapya, na wewe ukabaki na spana zako. Sikucheki. Huo ugonjwa naujua. Nimeuugua, na nikikuambia nimepona kabisa nitakuwa nakudanganya.

Mimi nilikuwa na Salumu. Tulijifunza ufundi pamoja kwa Mzee Mapunda, Mngoni mmoja aliyekuja huku zamani na lori la korosho, akaoa, akafungua gereji. Tulikula sahani moja, tukalala chini ya magari yale yale, tukapakwa oili ile ile. Kisha Salumu akaenda chuo cha ufundi, mimi nikabaki. Aliporudi alikuwa na mashine ya kupimia magari, kidude cha kushika mkononi kinachochomekwa chini ya dashibodi na kusema gari linaumwa nini. Akaenda kufungua gereji yake Ruangwa. Ruangwa, mwanangu! Mji ambao sisi wa Nachingwea tulizoea kuuona kama shamba letu. Huku bibi zetu walisikia treni inapiga honi wakati wa mashamba ya karanga ya Waingereza, kule kulikuwa pori. Sasa mambo yamegeuka: wachimbaji wa madini wa Namungo wananunua magari, siku za mpira mji unafurika, na gari zuri likiharibika hapa kwetu mwenyewe anaulizia njia ya Ruangwa.

Basi nikawa nakaa mlangoni mwa gereji nahesabu magari yanayonipita. Nikisikia jina la Salumu nasukuma sahani pembeni. Nilichukia kibao chake kilichoandikwa kwa rangi nzuri, nikachukia kicheko chake, na hata mvua niliona inanyesha zaidi upande wao. Alikuwa amenikosea nini? Hakuna. Wahenga walisema hasidi hana sababu, na mimi ndiye waliyemsema.

Sasa akaja Mwalimu Akwilina. Huyu alifundisha shule moja karibu na parokia, mama mjane, mpole lakini mwenye maneno ya kunyooka. Alikuwa amenunua gari dogo la mtumba kutoka Dar, na kila wiki alikuwa akiliendesha kwenda Ruangwa kumwangalia mama yake mgonjwa. Kwenye dashibodi taa ya eabegi ilikuwa inawaka wakati wote. Unaijua eabegi: ule mfuko unaojikunja ndani ya steringi, gari likigonga unafumuka kukinga uso na kifua cha dereva. Taa yake ukiwasha gari huwaka kidogo, kisha huzima yenyewe. Ikigoma kuzima inakuambia kuna kasoro, na siku ya ajali huenda mfuko usitoke.

Salumu alikuwa ameshalipima gari hilo. Akamwambia mwalimu kwamba ndani ya steringi hamna mfuko. Ulifumuka kwa mwenye gari wa kwanza, naye akabadilisha kompyuta ya gari, akagandisha kava kwa gundi na kuliuza gari. Inatakiwa eabegi nzima ya gari la aina ile ile, itoke Dar, na mwalimu asubiri. Mwalimu akachoka kusubiri. Akaja kwangu kuuliza tu kama kuna njia ya karibu.

Ningemjibu, "Mwalimu, Salumu amesema kweli." Maneno mafupi kabisa hayo. Lakini kuyatamka mimi, kwa mdomo wangu, kwamba Salumu amesema kweli? Nikamwambia, "Niachie gari, mwalimu. Ijumaa njoo uchukue. Huyo wa Ruangwa anapenda kuwazungusha watu."

Nilichofanya, mwanangu, mafundi wengi wanakijua na wengine mpaka leo wanakifanya. Nilichukua rezista, kale kadude kadogo ka kubana umeme, kutoka kwenye redio mbovu, nikakafunga kwenye waya za eabegi. Kompyuta ya gari ikapima, ikadhani mfuko upo. Taa ikawaka kidogo, ikazima, kama gari lililotoka kiwandani. Nikarudisha kava, nikaifuta vumbi ikang'aa.

Ijumaa, baada ya swala, mwalimu akaja. Walikuwepo watu wa gereji, wauza vocha, na mama yangu mzazi aliyekuwa ameniletea ugali na mboga ya kisamvu. Nikawasha gari mbele yao wote. Taa ikazima. Watu wakapiga makofi! Mmoja akapaza sauti, "Ruangwa waje kujifunza huku!" Neno hilo liliniingia tamu kuliko asali. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi tembo langu lilikuwa maji matupu tangu mwanzo.

Mzee Mapunda hakupiga makofi. Alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu, anatafuna karanga. Akaniuliza polepole, "Rashidi, hii eabegi imekuja na basi gani?"

Nikajikohoza. "Nimeipata, mzee."

"Aa. Umeipata." Akainuka, akajikung'uta maganda ya karanga, akaenda moja kwa moja kwa mama yangu.

Hapa lazima nikukumbushe desturi, maana vijana wa simu mnaanza kuisahau. Mngoni na sisi Wamwera ni watani tangu babu zetu walipopigana na kupatana. Mtani anaweza kukutukana msibani, anaweza kukunyang'anya kofia kichwani, na mama yako anamwita mke wake mchana kweupe. Na mtani hakasirikiwi. Ukikasirika wewe ndiwe uliyekosa adabu.

Mzee Mapunda akamshika mama mkono. "Mke wangu," akasema, "mtoto wetu huyu leo ametengeneza gari ambalo halimuumizi mtu. Twende tukalijaribu. Wewe ndiye dereva."

Mama akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani. "Mimi, we Mngoni? Hata baiskeli sijui!"

"Kwani kuna haja ya kujua? Kile kichuguu unakiona?" Gereji yetu ilikuwa kwenye mteremko, na chini kabisa kulikuwa na kichuguu kikubwa kigumu kama ukuta. "Mimi naachia breki, sisi tunashuka, tunakigonga. Mfuko unatoka, unakukumbatia. Nyinyi Wamwera mlizoea kukimbia, leo kaeni mpambane."

Watu wakavunjika mbavu. Mama naye, kwa kuwa utani hujibiwa kwa utani, akaingia akakaa nyuma ya steringi, akaishika kwa mikono miwili. Mzee akafunga mlango upande wa mama, akazunguka, akakaa pembeni yake. Akaweka mkono kwenye breki ya mkono. Kisha akanitazama mimi kupitia dirishani. Hakuwa anacheka.

"Rashidi," akasema, "niachie?"

Mwanangu, nilimwona mama yangu mzazi kifua chake kimegusana na ile kava niliyoifuta mwenyewe. Nikasikia breki inalia, kidogo tu, kama anaanza kuishusha. Sijui miguu ilinifikishaje pale. Nikaufungua mlango, nikamvuta mama kwa nguvu nikipiga kelele, "Mama, toka humo! Hakuna kitu humo ndani! Steringi ni tupu!"

Kicheko kikakatika. Mwalimu Akwilina alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono ameunyoosha kupokea funguo. Akaukunja taratibu.

"Tupu?" akaniuliza. "Mimi je, fundi? Mimi ungeniacha niondoke?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee Mapunda akatoka garini, na safari hii hakuongea kama mtani, aliongea kama baba. "Mama yako umemvuta. Huyu mwalimu ni mama wa nani? Humchukii hata kidogo, najua. Unamchukia Salumu, lakini risasi umeielekeza kwa mwalimu. Mpeleke Ruangwa sasa hivi, na umwambie Salumu ulichofanya. Usiporudi na neno lake, usiguse tena spana kwangu."

Tulikwenda. Mwalimu aliendesha polepole, mimi pembeni.

Sikiliza jinsi wivu ulivyo kiumbe wa ajabu. Salumu alipochomeka mashine yake, ikamjibu kwamba kila kitu ni kizima. Akakunja uso, hakuelewa. Na mimi, katika aibu yote ile, moyo wangu ukaruka kwa furaha: nimeidanganya mashine ya Salumu! Unaona? Nyumba inaungua na mwenye wivu anafurahi kwamba moshi umeingia kwa jirani. Ilibidi nijing'ate ulimi ndipo nikasema, "Usiiamini. Nimeweka rezista. Mfuko hamna."

Nilingoja anicheke. Yeye akachomoa mashine yake. "Karibu tufungue, mshikaji," akasema. Laiti angenicheka! Wema wake uliniuma zaidi.

Eabegi ilipofika na basi kutoka Dar, akaniita tuifunge pamoja. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Salumu alijua kazi. Kwanza alitoa waya za betri, kisha akanikaribisha chai. Nikadhani mzaha. Akaniambia umeme hubaki umejificha ndani ya kompyuta hata betri ikitolewa, na ukiwa na haraka mfuko unaweza kukulipukia usoni. Tukanywa chai mpaka akaridhika. Akanionyesha soketi za njano, akasema rangi hiyo ukiiona popote kwenye gari, hata chini ya kiti, jua ni waya za eabegi, usizichezee. Akanikataza kabisa kuipima eabegi yenyewe kwa mita, maana umeme mdogo wa mita unatosha kuifyatua. Alinifundisha kuibeba uso wake ukiwa mbali na mwili wangu, na kuiweka mezani uso ukitazama juu. Ukiilaza kifudifudi, ikifyatuka itaruka kama kombora. Akakagua mkanda wa dereva, akapima kompyuta, akatazama waya wa kuzunguka ulio nyuma ya steringi, maana huo nao ukikatika huwasha taa. Mwisho, wakati wa kuwasha, hakuna aliyekaa ndani. Aliingiza mkono dirishani, kichwa nje, akageuza funguo. Taa ikawaka kidogo, ikazima. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Bolti za ile eabegi nilizikaza mimi, na nilizikaza vizuri.

Masika yaliyofuata, kwenye utelezi maeneo ya Chunyu, njia ya Ruangwa, Mwalimu Akwilina alikutana na trekta lililosimama katikati ya barabara baada ya kona. Gari likakunjika mbele mpaka huwezi kulijua. Eabegi ikatoka. Yeye akatoka kwa miguu yake, mikono imechubuka, masikio yanavuma, mzima.

Alipopata nafuu alipeleka jogoo mkubwa wa shukrani. Alimpeleka wapi? Ruangwa, kwa Salumu! Mimi alinipitia gereji akanipa mkono tu, na mwanangu, kwa dakika nzima nilimwonea wivu Salumu kwa ajili ya jogoo. Nilikuwa nimeushika mkono wa mtu ambaye angekuwa kaburini kwa kazi yangu, na nawaza kuku. Kisha nikahisi ule mkono ni wa moto, una damu ndani yake, na unanibana vidole. Nililia pale pale, mbele ya wauza vocha. Mwalimu aliendelea kunishika.

Basi nasaha yangu ni hii. Sikuambii usione wivu. Hilo ni kama kumkataza mtu kusikia njaa. Mwenzako akikuzidi, moyo utauma, uache uume. Ila usifanye kazi ya mtu ukiwa umenuna, maana anayekaa kwenye kile kiti siye unayemchukia. Usione vyaelea, vimeundwa: nenda kwa huyo mwenzako, mwambie hujui, akufundishe. Mficha uchi hazai. Taa ikiwaka, tafuta kasoro, usiizime tu. Na gari likija kwako taa yake ya eabegi haiwaki hata kidogo ukigeuza funguo, liogope kuliko lile linalowaka, maana kuna fundi aliyepita hapo kabla yako. Watu husema ajali haina kinga. Ni kweli, lakini kinga iliyopo usiiibe.

Na kabla hujarudisha funguo kwa mwenye gari, jiulize kama ungemkalisha mama yako pale.

Mwenyezi Mungu akupe mikono yenye ukweli, mwanangu. Akupe rafiki anayekuzidi na moyo wa kumvumilia. Kila unayemfungulia mlango wa gari afike kwao, na afungue mlango wa nyumba yake kwa mkono wake mwenyewe. Amina.