Ijumaa Saba Bila Mngurumo

Mume wangu ana wivu, na simsengenyi. Angekuwa amekaa hapa ningesema hivyo hivyo. Si wivu wa wanaume wengine, maana mimi tangu zamani hanitilii shaka hata kidogo, jambo ambalo nalo lina uchungu wake. Wivu wake ni wa mashine. Miaka kumi na tisa amekuwa fundi wa jenereta la hospitali, na watu wamemwita Bwana Moshi muda mrefu hivi kwamba mwalimu mmoja aliwahi kumwandikisha binti yetu darasani kwa ubini wa Moshi.

Umeme wa gridi kwetu huondoka bila kuaga. Zamani ukikatika, wodi nzima ilinyamaza ikisikiliza viatu vya mume wangu vikikimbia uani. Halafu jenereta lingurume, taa ziwake, na mtu mmoja kitandani aseme, "Bwana Moshi huyo." Akirudi nyumbani siku hizo alikula sahani mbili.

Mimi nafua mashuka ya hospitali hiyo hiyo. Kati ya chumba changu cha kufulia na chumba cha jenereta kuna ukuta mmoja wa matofali, na likiwaka, beseni langu hutetemeka mpaka povu linamwagika.

Mwaka juzi, huko mbali kwenye njia zinazopita meli za mafuta, watu walianza kupigana. Sisi hatukujua hata nani anampiga nani. Tulichojua ni kwamba dizeli iliadimika, na dereva wa gari la wagonjwa alikaa na madumu kituo cha mafuta tangu asubuhi hadi adhuhuri, akarudi na dumu nusu. Daktari mkuu akaona mambo hayaendi. Akaandika barua huku na huku, na baada ya miezi kadhaa likaja lori la paneli za sola na betri kubwa. Fundi aliyeruka chini kutoka kwenye lori hilo, kofia ngumu kichwani, alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja.

Tunamwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama. Mama alipofariki nilimchukua, nikamlea kwangu. Mume wangu ndiye aliyemwonyesha namna ya kushika bisibisi. Halafu Kitinda akasoma, akasoma tena, na mimi nikabaki na sabuni.

"Karibu shemeji," mume wangu alimwambia siku hiyo, akicheka kwa meno tu.

Wiki mbili zilizofuata paa lote lilijaa paneli. Umeme ulipokatika mara ya kwanza hakuna aliyejua, taa haikupepesa hata mara moja. Mume wangu alikuwa ameshafika mlangoni mwa chumba chake, ufunguo mkononi, anahema. Mgonjwa mmoja akamwuliza anakimbilia wapi.

Jioni hakula. "Kikulacho ki nguoni mwako," aliniambia. "Nimemlisha mwenyewe."

"Kipya kinyemi kingawa kidonda," nikamjibu. "Watamzoea, watakukumbuka."

Nilisema hivyo kumtuliza, na nilisema pia kwa sababu nilitaka iwe kweli. Manesi walikuwa wakipita mlangoni pangu wakimsifu Kitinda: mdogo wako ana akili, mdogo wako hana makuu. Nilikuwa nakamua shuka nikiitikia, "Eeh, Mungu amemjalia." Moyoni nilitamani ateleze tu kidogo, walau mara moja, watu waone. Wivu wa mume wangu ulisikika nyumba ya tatu. Wangu hakuna aliyeusikia.

Kitinda kabla hajahamia kazi za mji mwingine alituita uani, sisi na daktari mkuu. Akaeleza kwamba betri zake zinaweza siku tatu bila jua. Zikipita siku hizo, jenereta lipokee. "Kwa hiyo shemeji, kila Ijumaa uliwashe nusu saa, hata kama halihitajiki. Likilala muda mrefu betri yake inakufa na maji yanaingia kwenye dizeli. Mimi nimeandika kwenye mpango kwamba jenereta libaki na wewe ubaki." Akatundika daftari kwenye msumari ili mume wangu asaini kila akiliwasha.

Hayo yote mume wangu aliyajua kabla Kitinda hajaota meno ya pili. Na hilo ndilo lililomuuma. Njiani alitembea mbele yangu bila kugeuka. "Mtoto niliyemfundisha mimi," alisema, "ananipangia siku ya kuwasha mashine yangu."

Ijumaa ya kwanza beseni langu halikutikisika. Nikajidanganya kwamba amechelewa. Ijumaa ya pili nilimwona akiingia, akatoka baada ya dakika moja akiifuta kalamu kwenye suruali. Alikuwa amesaini, basi. Nilimwelewa bila kuambiwa: alitaka siku mawingu yakitanda waje wamwombe. Hakufikiria zaidi ya hapo. Fundi wa miaka kumi na tisa alisahau kwamba mashine haina habari na ugomvi wako.

Ningeweza kumwambia. Ningeweza kumpigia mdogo wangu simu. Ijumaa zikafika saba.

Halafu ikanyesha siku nne mfululizo, na gridi ilikuwa imeanguka tangu siku ya kwanza. Asubuhi ya siku ya nne betri zilikuwa karibu kuisha. Kitinda, aliyepigiwa simu na daktari, alifika kwa basi la alfajiri, akapita chumba kwa chumba akizima kila kitu isipokuwa friji ya chanjo na mashine ya oksijeni, kwa kuwa wodini kulikuwa na vichanga wawili waliozaliwa kabla ya wakati. "Shemeji, washa," alisema.

Mume wangu alishaoga na kuchana nywele. Akageuza ufunguo. Jenereta likatoa mlio mmoja mdogo, likanyamaza.

Sijawahi kumwona na uso ule. Walisogeza gari la wagonjwa, wakabusti betri ya jenereta kwa nyaya kutoka betri ya gari. Likazunguka, likakohoa, likazima. Kitinda akalala chini kwenye matope, akafungua tangi kwa chini, yakatoka maji kwanza kabla ya dizeli. Wakabadilisha chujio, wakatoa hewa kwenye mpira wa mafuta, bega kwa bega. Betri za sola zikaisha, oksijeni ikakatika. Nesi akatoka mbio kutafuta mtungi wa akiba, akaukuta una robo tu, akaugawa kwa vichanga wote wawili. Karibu nusu saa. Mimi nilisimama mlangoni nimeshika shuka mbichi.

Kisha likanguruma. Vichanga walikuwa wazima.

Daktari mkuu alikuja akitetemeka, na mtu akitetemeka hutafuta wa kumkaripia. Akamgeukia Kitinda. "Hili jua lako limenidhalilisha. Naandika leo hii: awamu ya pili ya paneli zako isimame, na wewe kazi hii uiache. Kuanzia sasa umeme wote wa hospitali uko chini ya fundi wa jenereta. Bila yeye leo tungezika watoto."

Mume wangu alitazama chini, akakubali.

Kitinda alikuwa ameshika lile daftari. Alilifungua, akaona saini saba zilizonyooka, akamtazama shemeji yake, akalifunga na kulirudisha kwenye msumari. Akaanza kukusanya spana zake.

Nami, Mungu anisamehe, niliona utamu. Miaka yote ile ya kuitikia sifa zake, na leo amesimama kwenye matope, karipio lote ni lake. Nilitaka lidumu kidogo tu. Lakini niliona mikono yake, jinsi anavyofuta kila spana kabla ya kuiweka, kama alivyofanya akiwa kwangu. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Daktari," nikasema, "mimi nafua nyuma ya ukuta huu. Ijumaa saba jenereta hili halijawashwa. Saini hizo ni za uongo."

Mume wangu aligeuka akanitazama, kisha akavua shingoni ufunguo wa chumba cha jenereta na kumkabidhi daktari bila kubisha. Nilingoja mdogo wangu anikumbatie. Nilifikiri nimemwokoa.

Alisimama na spana mkononi, anahesabu kichwani.

"Dada," aliniuliza taratibu, "ulijua tangu Ijumaa ya kwanza?"

Nesi wa watoto alikuwa amesimama pale pale, mtungi mtupu mkononi, naye akisubiri jibu.

Nikasema ndiyo.