Udi Kwenye Koti la Mawindo

Wiki iliyopita nilifungua kabati la Baba kutafuta koti lake la mawindo, lile zito la sufu lenye rangi ya majani makavu, na kabla sijaligusa harufu ikanifikia. Udi. Si udi mkali wa siku ya harusi. Ulikuwa ule uliokwisha kuzama kwenye nyuzi, ukachanganyika na unyevu na jasho na kitu kama tope la zamani, ukabaki humo miaka yote. Nilisimama pale pua yangu ikiwa kwenye kola, na mara nikawa mtoto wa miaka kumi tena, katika flati yetu ya Kilburn, London, nikilia kwa hasira mbele ya bibi yangu.

Nitawaeleza, ila kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikitoka nyumbani hurudi kuangalia kama nimezima jiko, na nikishaliangalia huanza kuhofu kwamba katika kuliangalia nimeligusa nikaliwasha. Hata Kiswahili hiki nimejifundisha kukiandika mwenyewe ukubwani, kwa kusoma kwa sauti chumbani mlango ukiwa umefungwa, maana utotoni nilisemeshwa Kiswahili nikajibu Kiingereza, kama watoto wote wa jengo letu. Bibi alikuwa akijifanya hasikii mpaka nibadilishe. Kwa hiyo mkikuta sentensi imekaa upande, jueni nimeshaiandika mara nyingi na hapo ndipo ilipokubali kukaa.

Mambo yalianza kwenye chakula cha mchana cha Iddi. Bibi, mama yake Baba, aliyekuja kutoka Tanga kuishi nasi, alikuwa akisimulia nyama ya porini aliyokula alipokuwa msichana huko Handeni, baba yake alipokuwa akirudi na mnyama begani. Mama akamwambia kuwa hata hapa London nyama ya kulungu inauzwa, tena imefungwa vizuri. Bibi akamtazama kama mtu aliyeambiwa ale sabuni.

"Imefungwa vizuri, sawa. Na nani aliyesoma bismillahi?"

Baba, ambaye alikuwa fundi wa mabomba katika hospitali moja, alikuwa na mwenzake kazini aitwaye Alan, Mskoti. Ndugu yake Alan aliishi milimani huko kwao na kazi yake ilikuwa kuongoza wawindaji, kwa kuwa kila mwaka kulungu wanazidi, wanatafuna miche yote ya miti, na lazima wapunguzwe. Alan alikuwa amemwalika Baba mara nyingi, na mara zote Baba alisema atafikiria. Siku ile aliweka kijiko chini.

"Nitakuletea mimi, Mama. Nitampiga mwenyewe, na nitasoma mwenyewe."

Ami Salim, mdogo wake Baba, alicheka mpaka akapaliwa na pilau. "Bwana Nusu huyo, kaanza tena."

Jina hilo Baba alilipata kihalali, siwezi kumtetea. Kabati letu la jikoni lilikuwa na mlango mmoja, wa pili ukiwa umeegemezwa ukutani tangu nikiwa chekechea. Baiskeli yangu ilikuwa na gurudumu la mbele tu. Mafunzo ya kuendesha malori aliyaacha katikati. Wote mezani walicheka, na Baba akacheka nao. Lakini mimi nilikuwa nimekaa ubavuni pake, nikaona jinsi alivyokishika tena kile kijiko, akakizungusha kwenye wali, asile. Nikaapa moyoni kwamba safari hii baba yangu hatachekwa. Kulungu atapatikana, na Bibi atakula, na nitahakikisha mimi.

Basi nikajiteua kuwa mkuu wa maandalizi. Nilitazama video zote nilizoweza, nikaazima maktaba kitabu chenye picha za kulungu, na nikajua mambo ambayo mtoto wa Kilburn hana haja nayo. Kwamba milima ile haina miti ya kujificha, hivyo mwindaji hupanda saa nyingi kisha hutambaa kwa tumbo kwenye majani yaliyolowa. Kwamba kitambaa kinachochakarika kinamwita mnyama akukimbie. Na kwamba pua ya kulungu ni jambo la kuogopwa kuliko macho yake na masikio yake yote mawili.

Baba alinitii, jambo lililonishangaza. Alipanda ngazi za jengo letu akiwa na begi mgongoni lenye mchele wa basmati, majirani wakimsalimia kwa huruma wakidhani lifti imeharibika tena. Jumapili tulikwenda Primrose Hill, kilima chenye bustani. Huko alitambaa kwenye nyasi kwa viwiko, mbele ya watu waliokuja kupunga upepo na kahawa zao, mpaka mbwa mmoja mweupe akaja kumlamba sikio. Ami Salim alikuja mara moja kutazama. "Kaka," alisema, "huyo kulungu hatakufa kwa risasi. Atakufa kwa kucheka."

Jioni tulifanya mazoezi sebuleni. Baba alilala kifudifudi kwenye zulia akiwa na ufagio, mimi nikasimama mwisho wa ukumbi mwembamba na hanga mbili za nguo kichwani zikiwa pembe. Kazi yake ilikuwa kutoa pumzi polepole, kulitaja jina la Mungu, kisha kuvuta kidole. Bibi alikuwa ameshamuuliza shekhe wa msikiti, naye akamthibitishia kuwa ukilitaja jina la Mungu unapofyatua, nyama ni halali. Basi akakaa kwenye kochi na tasbihi yake kama refa.

"Sikusikia," alisema.

"Mama, nikisema kwa sauti atakimbia."

"Mimi sikukimbia. Rudia."

Walijadiliana mpaka wakakubaliana kuwa midomo icheze na ulimi utembee. Bibi akahama kochi, akakaa chini mbele ya ufagio kuuangalia ulimi wa mwanawe. Nilisimama na hanga zangu nikicheka hadi pembe moja ikaanguka.

Lakini kazi yangu kubwa ilikuwa nguo. Alan alimpa Baba koti kuukuu la sufu na suruali nzito, na mimi nikazifua kwa mkono kwenye beseni la kuogea, kwa soda ya kupikia tu, bila sabuni hata chembe, maana sabuni ya dukani hunukia maua ambayo hayaoti mlimani. Nilizianika kwenye roshani. Chini yetu kulikuwa na duka la kuku wa kukaanga, kwa hiyo kila walipotia kuku mafutani nilikimbia kuziingiza ndani, na walipomaliza nikazitoa. Zilipokauka nilizinusa mshono kwa mshono. Nikaziweka kwenye mfuko mkubwa wa plastiki pamoja na majani makavu na udongo kidogo kutoka bustanini, zinukie ardhi. Baba nikampiga marufuku manukato, vitunguu vibichi, na mafuta ya nywele. Alikwenda kazini wiki nzima, kichwa kikavu kama mkeka. Sikulala vizuri. Niliota nimesahau soksi.

Siku ya safari ilikuwa Ijumaa. Baba angetoka kazini, achukue begi, apande treni ya kwenda kaskazini. Niliporudi kutoka shule nilifungua mlango, nikainua macho, nikajua.

Wenzangu mliokulia kwenye flati za London mtanielewa. King'ora cha moshi kwenye dari ya ukumbi, kile kinachopiga kelele kikinusa moshi hata kidogo, kilikuwa kimevalishwa kofia ya plastiki ya kuogea. Kwetu hilo lilikuwa na maana moja.

Nilikimbilia chumbani kwa Bibi. Alikuwa amelitandaza lile koti juu ya kiti cha mianzi, suruali pembeni yake, soksi zimepangwa vizuri, na chini ya kiti chetezo kinafuka. Moshi wa udi ulikuwa ukipanda taratibu, ukiingia kwenye mikono ya koti na kutokea kwenye kola. Bibi alikuwa analigeuza koti upande wa pili, ametulia kabisa, uso wake ukiwa na ile furaha ya mtu anayefanya kitu anachokijua.

"Umekuja wakati mzuri," alisema. "Hebu nishikie hapa. Yaani baba yako anasafiri, nguo zimewekwa kwenye mfuko wa taka. Kuna mtu alitia uchafu humo, majani na michanga. Nimekung'uta yote."

Nililia. Nililia kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, nikamwambia ameharibu kila kitu, kwamba kulungu watamnusa Baba tangu akiwa kwenye treni. Bibi alisikiliza akiwa bado ameshika mkono wa koti.

"Mtu haendi ugenini nguo hazinukii," alisema. "Watadhani hana kwao."

Baba aliingia wakati huo huo, kichwa chake kikavu, begi la zana begani. Akasimama mlangoni. Akavuta pumzi, akamtazama Bibi, kisha akanitazama mimi na kamasi zangu. Nilimsubiri akasirike. Niliona kabisa kwamba alikuwa akifanya hesabu ile ile niliyoifanya mimi.

"Ahsante, Mama," alisema. "Shikamoo."

Akazikunja nguo, akazitia begini.

Nilimsindikiza mpaka stesheni nimenuna. Mlangoni nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia awahi kununua soda ya kupikia akifika, azifue huko huko. Baba alichuchumaa pale, watu wakitupita.

"Zuhura. Nguo hizi umezifua wewe, na mama yangu amezifukiza. Unadhani nitapanda mlima na nguo gani nyingine?"

Hakuna simu iliyopatikana siku mbili zile. Huko milimani mtandao ulikuwa haba. Jumapili Ami Salim alikuja mapema akiwa na kuku wawili wa kuchoma, akawaweka mezani. "Nimekuja na kitoweo," alisema, "nisije nikalala njaa kwa ahadi za kaka." Sikuwagusa kuku wale. Nilikaa kwenye ngazi.

Baba alikuja alasiri. Nilimsikia kabla sijamwona, maana alikuwa anachechemea, na kila ngazi alitoa sauti. Alikuwa na ndevu za siku mbili, midomo imepasuka kwa baridi, na mkononi kisanduku cha kuhifadhia baridi. Alikiweka mezani, katikati ya kuku, akafungua. Ulikuwa mguu mmoja wa nyuma, mwekundu wa kukolea, umefungwa kwa kitambaa safi.

Bibi ndiye aliyeuliza, na swali lilikuwa moja.

"Ulisoma?"

"Nilisoma, Mama. Ulimi ulitembea."

Kisha akatusimulia. Ndugu yake Alan alipomwona asubuhi alinusa hewa na kuuliza kama amekuja kuwinda au kuoa. Walipanda, wakatambaa, wakalikaribia kundi la kwanza, na upepo ukageuka. Vichwa vikainuka vyote kwa pamoja, na mlima ukabaki mtupu. Mvua ikaanza. Goti likavimba. Yule mwenyeji akamwambia kwa heshima kwamba hapo wengi huteremka, si aibu, chai ipo nyumbani. Baba akamwambia waendelee. Waliuzunguka mlima wote kwa upande wa pili, wakitembea kwenye maji, mpaka mchana unakaribia kuisha, na huko wakamkuta dume mmoja amesimama peke yake. Risasi ilikuwa moja.

"Na ule mguu mwingine uko wapi?" aliuliza Ami Salim. "Bwana Nusu, umeleta nusu?"

Tulicheka, na safari hii Baba alicheka akila kipande cha mkate. Bibi alimwambia Salim anyamaze na amenye tangawizi. Mguu ulipikwa mkavu, kwa ndimu na kitunguu saumu, ukachukua muda mrefu kulainika. Bibi alikula taratibu, macho yameinama, akasafisha mfupa kisha akanyoosha sahani aongezwe. Nilimtazama Baba akimtazama. Sijawahi kumwona mtu amekaa wima namna ile kwenye kiti cha jikoni, chini ya kabati lenye mlango mmoja.

Nilijivuna shuleni mwezi mzima. Lakini moyoni niliamini kuwa tulishinda kwa bahati, kwamba maandalizi yangu yalikuwa kamili na udi wa Bibi nusura uyavunje. Niliamini hivyo miaka mingi.

Sasa Alan amestaafu, amehamia kwa ndugu yake, na wamenialika mimi. Ndiyo sababu nilifungua kabati lile. Nilimwuliza Baba, nikijifanya sijali, kama kulungu wale wa kwanza walikimbia kwa sababu ya udi.

"Huenda," alisema.

Kisha akaniambia jambo ambalo siku ile hakulisema mbele ya Ami Salim. Alipolala pale kwenye tope, dume akiwa mbele yake, alikuwa anatetemeka mwili mzima. Si baridi. Alikuwa anawaza mlango wa kabati, na baiskeli yangu, na malori. Pumzi ilikataa kutulia, yote tuliyofanya sebuleni yamempotea. Akalaza uso kwenye mkono wa koti kuficha aibu. Na kwenye sufu ile iliyolowa, udi ulikuwa bado upo. "Nikawa chumbani kwa mama yangu," alisema. "Nikapumua kama mtu aliye kwao. Nilipoinua kichwa mkono ulikuwa umetulia."

Nimelifua koti kwa soda ya kupikia. Siwezi kujizuia, ndivyo nilivyo, na nimelinusa mshono kwa mshono. Halafu jana nimelipeleka kwa Bibi. Mikono yake siku hizi inatetemeka, hawezi kushika kaa la moto, kwa hiyo yeye alikaa kitandani akielekeza na mimi nikawasha chetezo.

"Ngoja kwanza," alisema. "Umesahau."

Nikachukua kigoda, nikapanda, nikakivalisha king'ora kofia ya kuogea.