Dizeli ya Bwawani

Jumanne iliyopita, saa nne kamili asubuhi, nilikuwa mashineni Kasokola kusaga mahindi. Msagaji alitueleza kwa fahari kwamba injini yake sasa hutumia dizeli ya mwani, ule utando wa kijani wa majini.

Mama mmoja akafunika ndoo yake kwa kiganja.

"Huo mwani unavunwa bwawa lipi, baba?"

"Hili la machimbo ya zamani, mama. Tangu mwaka jana umestawi ajabu!"

"Mume wangu alizama humo mwaka jana. Hatukumpata."

Msagaji akazima injini. Iliendelea kunguruma dakika nzima kabla ya kunyamaza. Mama akajitwika mahindi yake, akaenda kutwanga.

Mimi nilikuwa nimekwisha kusagiwa. Nilibeba unga ungali na joto, na mke wangu bado anauliza kwa nini sili ugali.