Pilau Iliyoungua Nyuma ya Maktaba

Jumamosi iliyopita nilienda maktaba ya hapa Gitega, maana walikuwa wamebandika programu yao mlangoni: ngoma asubuhi, hadithi za Kirundi, kisha mazungumzo juu ya haki za binadamu. Nilikaa mbele kabisa, miguu nimeinyoosha. Mwishoni tukagawiwa chakula ndani ya vikasha, wali na maharage na kipande cha kuku. Nikamwuliza msichana aliyegawa, mmepikia wapi? Akanicheka. Kumbe chakula kinaagizwa mjini, kinakuja na pikipiki. Basi, rafiki yangu, nikala wali wa pikipiki huku moyo wangu uko Muyinga.

Sisi tulikulia Muyinga, kwenye mtaa wa Waislamu, karibu na maduka ya Wahindi. Baba alikuwa fundi cherehani. Maktaba tuliiita bibliyoteki, nyumba ndefu ya matofali yenye madirisha ya mbao, na kila mwezi ilikuwa na Jumamosi yake ya programu. Kwanza utamaduni: wapiga ngoma, mashairi, vitendawili. Halafu haki: haki za mtoto, haki za mfungwa, haki ya kusema unachofikiri. Wanaume walikaa ndani kwenye mabenchi. Mama zetu walikuwa nyuma, wanapika.

Si kwamba walifukuzwa, hapana. Waliombwa kupika, na kwetu kuombwa kupika ni heshima. Mtaa wetu ulisifika kwa pilau, na mkutubi, mtu mpole sana, alijua kwamba bila pilau watu wa vijiji vya Mwakiro hawatatoka mashambani kuja kusikiliza haki. Basi yakawekwa mafiga, yakaja masufuria makubwa ya msikitini, na vitunguu visivyoisha. Kazi yangu ilikuwa kutwanga tangawizi na kitunguu saumu, na mikono ilininuka hata nikirudi shule. Nilizipenda siku zile, nisikufiche. Harufu ya bizari ikikaangwa, mwiko ukikwangua chini ya sufuria, na bibi, mama mzaa baba, akimtania kila mwanamke juu ya mume wake.

Ila dirisha la upande wetu lilifungwa daima, moshi usiingie kwenye vitabu. Kwa hiyo sisi haki za binadamu tulizijua kwa makofi tu. Yakipigwa mengi, bibi alisema, "Leo iko haki kubwa," tukacheka, tukaendelea kumenya.

Mwaka mmoja babu, baba yake mama, akafariki. Aliacha shamba Mwakiro: migomba, kahawa kidogo, na bonde zuri la maharage. Aliyelilima ni mama, tangu babu alipoanza kuumwa mgongo. Tulikula kutoka pale, maana cherehani ya baba ilifanya kazi ya maana wakati wa sikukuu tu. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa na duka la vipuri vya malori kule Kobero, mpakani, na jembe hakulijua. Baada ya arobaini akasema amepata mnunuzi wa shamba lote. Mama akamwuliza, na mimi je?

"We umeolewa," mjomba akamjibu. "Shamba ya mwanamke iko kwa bwana yake."

Kwenye funga na swala mjomba alikuwa Mwislamu kamili. Kwenye shamba akawa mtu wa desturi. Dini ilimpa mama fungu lake, lakini hilo halikumjia kichwani. Mama alirudi nyumbani, akapika, akala kidogo, akalala. Mimi nilimkasirikia yeye kuliko mjomba, kwa ule ukimya wake.

Programu iliyofuata, mjomba naye alikuja. Alikaa mbele pamoja na bashingantahe, wazee wanaopatanisha watu. Msemaji alikuwa mwanasheria, mwanamke kutoka Gitega. Sisi nyuma hatukujua habari yoyote, mpaka mkutubi alipotoka kumchukulia mgeni chai, akasema kwa kupita tu, "Mama, ingefaa na nyinyi msikie. Anaongea juu ya urithi ya mabinti."

Mama aliuacha mwiko ndani ya sufuria. Hata kunawa hakunawa. Alizunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa mbele na kitenge chake cha jikoni, jasho linamtiririka. Bibi akatutazama sote. "Haya, na sisi tunabaki hapa kufanya nini?" Jiko zima likamfuata, tukajazana mlangoni.

"Mi niko na swali," mama alisema. "Baba amekufa. Shamba mi ndo nalima. Kaka anasema mi sina kitu. Ni kweli?"

Mwanasheria hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema sheria iliyoandikwa ya urithi bado haipo, mahakama zinaangalia desturi. Jaji huyu anampa binti fungu, yule hampi. "Unaweza kushtaki, mama, lakini itachukua muda mrefu. Njia fupi ni familia kukubaliana mbele ya mashahidi."

"Mashahidi iko hapa," mama alisema, akamgeukia mjomba. "Kaka, sema mbele yao. Shamba iko ya nani?"

Jamani! Watu wote wakamgeukia mjomba.

"Bon, sawa," mjomba akasema, "hayo tutaongea nyumbani."

"Nyumbani uliongea we peke yako."

Mzee mmoja wa mbele akamwambia amjibu dada yake, watu wanangoja. Mjomba akasema mama atalima tu, nani anamfukuza?

"Kulima mi nalima tangu zamani. Nauliza iko ya nani."

Nilimwona mama ameshika mgongo wa benchi kwa mikono miwili. Nilitamani mtu amshike bega, tena nikaogopa kwamba akishikwa atalia.

"Iko ya sisi wawili," mjomba alisema mwishoni. Wazee wakamtaka arudie kwa sauti. Akarudia.

Makofi ya siku ile tuliyapiga na sisi. Ndipo harufu ikatufikia na bibi akapiga ukelele, "Pilau!" Iliungua vibaya, tukaila hivyo hivyo. Mama alimpakulia mjomba kwa mkono wake, na ukoko mweusi wote aliuweka kwenye sahani ya huyo kaka yake.

Mjomba aliuza nusu yake. Nusu ya mama ikabaki na migomba yake. Bibliyoteki imefungwa miaka mingi sasa, jengo ni ghala la saruji, na lile jiko wamelibomoa. Wapishi wale, wengine wamevuka kwenda Tanzania, wengine wamezikwa, bibi akiwa wa kwanza. Vicheko vyao navikosa sana. Lile dirisha lililofungwa silikosi.

Mama naye alitutoka mwaka jana. Arobaini ilipopita, mdogo wangu wa kiume, aliyezaliwa baada ya mambo hayo yote, akaniita Mwakiro kwa habari ya shamba. Njia nzima nilijiandaa: nitasema nini, nitawaita mashahidi gani. Nilimkuta shambani, ameshafunga kamba ya kupimia kwenye mgomba.

"Dada," akaniuliza, "we unataka upande wa juu ama wa bondeni?"

Nikakaa chini kwenye majani, nikalia. Akaniuliza kama naumwa.