Makaratasi ya Kiingereza Nyumbani Kwetu

Uji wa muhogo ukishika chini ya sufuria hutoa harufu ya uchachu, na kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya Kiingereza. Hatukuwa na gundi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, hapa Kalemie, enzi za Zaire, na tulikoroga unga wa muhogo katika maji ya moto mpaka uwe mzito, tukaupaka nyuma ya vipande vya karatasi. Mwalimu wetu, tuliyemwita Sitwayeni, yaani raia, kama walivyoitwa wakubwa wote wakati ule, hakuwa na vitabu vya kutugawia. Alikuwa na chaki na ukaidi wake. Alitufundisha kwamba Waingereza hawajisumbui na ngeli. Viti, sufuria, baiskeli, karibu kila kitu huongezewa herufi moja mwishoni, basi vimekuwa vingi. Mwenye mali naye hutajwa kwanza, jina lake likawekewa alama ndogo juu, mfano wa ukucha wa mtoto, kisha herufi ileile. Nilipenda sana mwenye mali kutangulia. Kwetu kitu hutangulia, mwenyewe akafuata nyuma.

Zoezi lilikuwa hili: kila mmoja abandike makaratasi kwenye vitu kumi vya nyumbani kwao, vitano vya mama na vitano vya baba, naye mwalimu angepita nyumba kwa nyumba kusahihisha, maana kabati halibebeki kwenda shule. Baba yangu alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla. Mwalimu alilijua hilo, akaniambia kwa upole niandike kama wenzangu. Vya mama sikuvihangaikia. Cha kwanza kilikuwa cherehani, aliyoinunua kwa kuuza dagaa Kigoma kabla hajaolewa; ndiyo iliyotulisha sasa na kunilipia shule. Vya baba nikapata redio, baiskeli, viti na koti. Cha tano nikakikosa. Nikabandika jina la baba kwenye kitanda, ingawa mama ndiye aliyekiagiza kwa seremala. Mwalimu alipokuja alisoma yote, hakukuta kosa, akatia sahihi kwa wino mwekundu kila mahali.

Wiki hiyohiyo ndugu za baba walifika kwa treni kutoka Kongolo kumaliza matanga. Kila mtu alijua maana yake. Mume akifa, ndugu zake walikuja kuchukua mali, na chochote kilichokuwa chini ya paa lake walikihesabu kuwa chake. Mama hakulala vizuri siku zile kwa ajili ya cherehani. Baba mkubwa, kaka wa baba, aliingia sebuleni akiwa amekunja mikono ya shati, akasimama ghafla. Alikuwa ameona makaratasi. Miaka ile karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa mtu au kwenye mali yake ilikuwa kazi ya tribunali, yaani mahakama, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

“Leta ilishafika hapa?” aliuliza. Leta ndiyo serikali.

“Uliza mutoto,” mama akajibu. “Njo yeye anajua kusoma.”

Baba mkubwa akanionyesha cherehani kwa kidevu. “Inasema nini?”

“Inasema mashini ni ya mama.”

“Ni Kifaransa?”

“Hapana, papa mukubwa. Kiingereza.”

Kifaransa angebishana nacho. Alikuwa na cheti chake. Kiingereza kilimshinda. Aliinama akaikagua ile sahihi nyekundu, mikono ameificha mgongoni, wala hakuuliza ni ya nani. Nami nilinyamaza, na sioni haya kusema nilinyamaza kwa makusudi. Kisha akaonyesha kitanda kupitia mlango wa chumbani.

“Na hiki?”

Nilimtazama mama. Alikuwa anatazama sakafu. Angesema kitanda si cha baba, angekuwa amesema makaratasi yanaweza kudanganya.

“Ni cha papa,” nikasema.

Walikitoa wakakipandisha kwenye mkokoteni pamoja na viti, redio, baiskeli na koti. Cherehani ilibaki. Kesho yake asubuhi mama alishona kaptula mbili za shule, na miaka miwili iliyofuata alilala mkekani, akaanza kulalamika kiuno.

Sasa mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza. Sheria inamtambua mjane siku hizi, na wanafunzi wangu wa sekondari wanaweza kukuambia hivyo bila kufungua daftari, ingawa katika mitaa yao wapo baba wadogo na baba wakubwa ambao hawajaisikia. Ninafundisha kwa vitabu, gundi inauzwa dukani, na zoezi la vitu kumi sijawahi kulitoa. Mama aliishi miaka mingi baada ya pale. Aliniozesha, akalea wanangu, tukazungumza mambo mengi, ila kuhusu kitanda hakuniuliza hata siku moja. Natamani angenigombeza, mara moja tu.