Nukta Nyeusi kwenye Jicho la Marion

Maingi, ambaye majirani walimwita Baba Ndinda, alikuwa mpiga picha wa mtaa wa Baba Dogo, na miaka ile ya tisini sijui nani alipendwa mtaani kumshinda. Jumapili alisimama nje ya kanisa na kamera kifuani, waumini wakajipanga wenyewe, na wiki iliyofuata akawapelekea picha mlangoni. Wenzake waliuza picha jinsi zilivyotoka. Maingi hakukubali. Flashi ikimtoa mtu na macho mekundu, yeye aliketi na kalamu yenye ncha ya sindano akayatia weusi, hadi mtu akajiona mzuri kuliko alivyoumbwa. Alijisifu kwa hilo, na simlaumu, maana mkono wake ulikuwa mwepesi kweli.

Nabwire, aliyekuwa kibarua katika kiwanda cha sabuni, alimleta bintiye Marion apigwe picha alipotimiza mwaka. Picha ikarudi na jicho moja jekundu, la pili jeupe pe.

"Baba Ndinda, hii ni nini sasa? Mtoto wangu ana jicho la paka?"

"Ni flashi tu, Mama Marion. Lete nikutengenezee."

Akayatia macho yote mawili nukta nyeusi. Nabwire akacheka, akaitundika picha ukutani juu ya redio.

Krismasi jicho likatoka jeupe tena. Pasaka vilevile. Maingi alibadilisha betri, akagombana na wasafishaji wa filamu mjini, akanunua flashi nyingine. Hakuwahi kujiuliza kwa nini weupe ule haukumtokea mtoto mwingine yeyote. Hilo huniudhi hadi leo, kwa kuwa mtu mwenye jicho kali la kuona doa kwenye kola ya shati alikuwa na picha mkononi na hakuiona. Kila mara alichukua kalamu yake.

Kisha Marion akaanza makengeza. Majirani wakasema yataisha akikua, na Nabwire akaamini, kwa sababu pale ukutani macho ya mwanawe yalikuwa sawasawa. Jicho lilipovimba ndipo akampeleka hospitalini. Daktari akauliza kama kuna picha za zamani, na Nabwire akazipeleka zote kwa fahari. Daktari akaona wino. Akasugua picha moja kwa pamba yenye spiriti, na weupe ukajitokeza.

"Hii ni saratani ya jicho, mama," alimwambia taratibu. "Mboni ikionekana nyeupe hivi, hata kwenye picha tu, mtoto aletwe mara moja. Mapema tungeokoa maisha yake, pengine na jicho lenyewe. Sasa imeingia kichwani."

Jicho waliling'oa, lakini maji yalikuwa yamezidi unga. Marion alizimika kabla ya kutimiza miaka minne.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Maingi aliyaficha maradhi ya mtoto wa watu, tena kwa unadhifu, na aliyekwenda kaburini ni mtoto. Nabwire alipobisha hodi kwake, Maingi alikuwa tayari kutukanwa. Alitamani atukanwe.

"Nataka picha kubwa ya kuweka juu ya jeneza," Nabwire alisema. "Ile ya Pasaka."

"Sawa, Mama Marion."

"Na usipake kitu."

Maingi alifungua mdomo aombe msamaha. Nabwire hakungoja. Alijifunga leso vizuri akaenda zake.

Siku ya mazishi picha iliwekwa juu ya jeneza, jicho moja jekundu, la pili jeupe, mbele ya mtaa mzima. Maingi alijibanza nyuma kabisa kwa aibu na uchungu. Mbele yake alisimama mama mmoja amembeba mtoto mgongoni. Mama yule aliitazama picha, akatikisa kichwa, akamnong'oneza mwenzake.

"Maskini mtoto. Kwani Maingi siku hizi ameishiwa na wino?"