Ndoa ya Binti Yangu na Kompyuta Isiyotoa Sauti

Sifa zote ni za Mola, aliyetupa masikio kabla hatujajua la kusikiliza.

Binti yetu wa mwisho aliolewa Ubelgiji, na miguu yangu haikuniruhusu kusafiri. Mimi ndiye walii wake. Tulipatana nimwozeshe kwa kompyuta, kutoka sebuleni kwetu Buyenzi, baada ya Alasiri. Sheikh wetu na jirani yangu, fundi wa malori, walikubali kuwa mashahidi.

Adhana ilipoanza nilikuwa nikisikiliza mawaidha kwenye kompyuta hiyo. Nikazima sauti kwenye skrini, kama ilivyo desturi ya nyumba yetu, nikaenda msikitini.

Niliporudi na mashahidi niliifungua sauti, nikawapigia wa Ubelgiji. Bwana harusi akatokea, midomo inacheza, sauti hakuna. Nikachomoa nyaya, nikazirudisha. Nikazima mashine, nikaiwasha tena. Bado.

"Lori ningelifungua," fundi akasema. "Hii apana, muzee. Mi naiogopa."

Wao walitusikia. Wakaandika kwenye karatasi, wakaiinua: ukumbi wao ungefungwa baada ya robo saa. Nikamwomba Sheikh amruhusu kijana naye aandike jibu lake.

"Apana," alisema kwa upole. "Shahidi atashuhudia nini, mwandiko?"

Pale kwenye skrini binti yangu alikuwa ameinamisha kichwa. Niliogopa kwamba siku yake ingeharibika mikononi mwangu.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. "Imekuwa bubu kama we siku ya posa yetu," akanitania. Kisha akavitazama visanduku vya sauti kando ya kompyuta, na uso wake ukabadilika. "Muzee, kifungo cha hapo nilikizungusha mi. Adhana ilikuwa inaita."

Kila mmoja wetu alikuwa ameiheshimu adhana kwa mkono wake, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Akakirudisha. Sauti ya kijana ikaingia sebuleni: alikuwa akiomba dua peke yake, polepole, asijue kama tunamsikia. Tukamwacha amalize. Ndipo nikatamka kwamba nimemwozesha binti yangu kwa mahari waliyopatana.

"Nimekubali," akajibu.

Sheikh akamtaka arudie. Akarudia. Mke wangu aliketi mkekani, akafunika uso kwa mtandio wake.

Wewe unayesoma, Mungu akuhifadhie watoto wako walio mbali, na akujaalie kuwasikia wakiwa salama.